Mbwa Ana Jina, Babu Yako Hana

  

Ndugu Waislamu, Qur'an imetuamrisha mahali pengi tutembee katika ardhi na tutazame mwisho wa waliotutangulia. Tulipoalikwa na ndugu zetu Waswahili wanaoishi Uingereza kuwasomesha watoto wao wakati wa likizo, wenyeji wetu walitutembeza siku moja katika mji mkongwe wa Salisbury, ulioko kusini mwa nchi hiyo. Mji huo unajulikana kwa kanisa lake kuu, ambalo mnara wake una urefu wa mita 123, na ndani yake imehifadhiwa moja ya nakala nne zilizobaki za mkataba wa Magna Carta wa mwaka 1215. Wageni wengi huenda kutazama mnara na mkataba. Sisi tulirudi na habari ya mbwa.

Katika uwanja unaolizunguka kanisa hilo ipo nyumba ya kale iitwayo The Wardrobe, ambayo zamani maaskofu waliifanya ghala la mavazi na vitu vyao. Siku hizi nyumba hiyo ni makumbusho ya vikosi vya askari wa miguu wa majimbo mawili, Berkshire na Wiltshire. Ni makumbusho madogo, na mtu asiye na haraka huyamaliza kabla ya Adhuhuri. Mna sare, bunduki, nishani na barua za askari. Humo tukamkuta mbwa mdogo, ngozi yake imejazwa na kusimamishwa kama aliye hai. Mmoja wetu alikusanya kanzu yake akarudi nyuma hatua mbili, kana kwamba mbwa yule angeweza kumrukia, na sote tukacheka. Tulipozipata habari zake, kicheko kilikoma.

Mbwa wa Maiwand

Mbwa huyo anaitwa Bobbie. Bwana wake alikuwa Sajini Peter Kelly wa Kikosi cha 66, kilichokuwa cha jimbo la Berkshire. Tarehe 27 Julai 1880, katika mwezi wa Shaaban mwaka 1297 Hijria, kikosi hicho kilikuwa sehemu ya jeshi la Waingereza la watu wapatao 2,500 lililoongozwa na Brigedia Jenerali George Burrows. Jeshi hilo lilikutana na jeshi la Ayub Khan, mtoto wa Amiri Sher Ali Khan, mahali paitwapo Maiwand, magharibi ya Kandahar nchini Afghanistan. Waingereza walishindwa vibaya. Zaidi ya watu 900 wa jeshi lao waliuawa, na waliosalia walikimbia usiku kucha kuelekea Kandahar huku kiu ikiwaua njiani.

Bobbie alijeruhiwa mgongoni, akapotea, kisha akawafikia waliosalia. Mwaka 1881 alipelekwa pamoja na askari walionusurika mbele ya Malkia Victoria katika kasri la Osborne, na Malkia akampa nishani ya vita vya Afghanistan. Mwaka uliofuata alikanyagwa na gari la farasi katika mji wa Gosport, akafa, na mwili wake ukahifadhiwa.

Basi tazama, ndugu yangu. Jina la mbwa tunalijua. Jina la bwana wake tunalijua. Jeraha lake, nishani yake, mji aliofia na chombo kilichomuua, yote yameandikwa. Katika mji wa Reading, uliomo katika jimbo hilo la Berkshire, imejengwa sanamu kubwa ya simba na chini yake yameandikwa majina ya watu 329 wa kikosi hicho waliokufa katika vita vile vya Afghanistan. Hata mtu ambaye hakupata kuwapo duniani ana nafasi katika vita vya Maiwand: mwandishi Arthur Conan Doyle, katika hadithi yake ya mwaka 1887, alimbuni Daktari Watson akamfanya majeruhi wa vita hivyo, na leo watu wa mataifa mengi wanamjua daktari huyo kuliko wanavyomjua Ayub Khan.

Je, upande wa pili? Wanajulikana Ayub Khan na makamanda wachache. Anajulikana Malalai, msichana ambaye Waafghani husimulia kwamba aliwatia moyo wapiganaji siku hiyo walipoanza kurudi nyuma. Jina lake limebebwa na vinywa vya watu wake kizazi baada ya kizazi, hata leo shule na hospitali zinaitwa kwalo. Zaidi ya hao, ni maelfu ya wana wa watu waliokwenda kaburini bila hata herufi moja.

Na lipo jambo chungu zaidi. Waingereza hujivunia askari 11 wa Kikosi cha 66 ambao, baada ya wenzao wote kuuawa, walisimama katika bustani moja wakapigana mpaka wa mwisho wao. Nani alizileta habari hizo, maadamu hakubaki hata mmoja kati yao? Aliyezileta ni kanali wa mizinga wa jeshi la Ayub Khan mwenyewe, aliyeushuhudia ushujaa wao akausema kwa uadilifu ingawa walikuwa maadui zake. Jenerali Primrose alipoandika taarifa yake mwaka 1880 aliutegemea ushahidi wa Mwislamu huyo, na humo akamtaja kwa cheo chake. Mashahidi wa hadithi sisi huwataja kwa majina yao, majina ya baba zao na miji yao. Shahidi huyu, ambaye juu ya ulimi wake wamejenga fahari ya kikosi kizima, amebaki kuwa kanali tu.

Kutoka Maiwand hadi Salaita

Huenda msomaji akasema: hayo ni ya Afghanistan, yanatuhusu nini sisi watu wa Afrika Mashariki? Yanatuhusu sana.

Zaidi ya nusu ya waliouawa Maiwand katika jeshi la Waingereza walikuwa Wahindi, wakiwamo Waislamu waliopelekwa kupigana na Waislamu wenzao. Kimojawapo cha vikosi hivyo vya Kihindi kiliitwa Jacob's Rifles. Baadaye kikosi hicho kilibadilishwa jina kikawa cha 130 cha Baluchi, na tarehe 12 Februari 1916 kilikuwa katika ardhi yetu, kwenye kilima cha Salaita karibu na Taveta, kikipigana na Wajerumani. Siku hiyo askari kutoka Afrika Kusini walishindwa wakarudi nyuma, na Mabaluchi hao ndio waliosimama kuwazuia adui.

Vita hivyo vya Waingereza na Wajerumani, ambavyo havikuwa vyetu, viliwala babu zetu. Wanaume walichukuliwa mashambani na majumbani wakatwishwa mizigo ya jeshi kwa miezi na miaka. Jina la mtaa wa Kariakoo limetokana na jeshi hilo la wapagazi. Waliokufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi, na wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakaribia 100,000. Wangapi katika hao walikuwa wakiswali swala tano? Wangapi walizikwa bila sanda wala kuswaliwa? Jibu hatunalo, kwa kuwa daftari hatunalo.

Nenda Dar es Salaam ukaitazame sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Maneno yaliyomo yametungwa na Rudyard Kipling, nayo yameandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Yanawaahidi waliopigana kwamba hata wakifa watoto wao watayakumbuka majina yao. Sasa izunguke sanamu hiyo mara saba ulitafute jina moja tu la askari au la mpagazi. Hulipati! Ahadi ya kukumbukwa majina imechorwa katika shaba kwa hati za namna mbili, na jina halimo.

Mwaka 2021 tume yao wenyewe inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti na kukiri kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Yamewachukua miaka zaidi ya 100 kusema neno hilo.

Daftari tulilolichoma

Tulitoka katika makumbusho yale tumekasirika. Watunzaji hatukuwa na neno nao. Walitupokea kwa adabu na kujibu maswali yetu yote. Hasira yetu ilikuwa juu ya mizani ya dunia hii. Ndani ya treni mmoja alisema, "Watu hawa wamemtukuza mbwa kuliko mwanadamu." Mwingine akaongeza lake, na mwingine lake. Mkubwa wetu, ambaye alikuwa kimya tangu Salisbury, akatuuliza swali moja: "Na sisi, masheikh, tumemwandika nani?"

Hakuna aliyemjibu. Sisi wengine tulikuwa na sababu ya kunyamaza, na sababu hiyo tunaikiri hapa mbele ya wasomaji, ili nasaha yetu isiwe ya mtu anayewaamrisha watu wema na kujisahau nafsi yake.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukikarabati msikiti mmoja mkongwe wa pwani. Katika chumba kilicho nyuma ya mihrabu palikuwa na sanduku lililojaa karatasi zilizoliwa na mchwa. Zilikuwamo kurasa za misahafu, na kwa kuwa hukumu ya kurasa zilizochakaa tunaijua, tuliamua kuzichoma kwa heshima. Hatukuzichambua. Jua lilikuwa kali, mafundi walikitaka chumba, nasi tulijiona tumeuondolea msikiti uchafu. Tukalichoma sanduku zima na vilivyomo.

Baada ya wiki mbili akaja mzee mmoja wa mtaani, akaketi barazani mpaka tulipomaliza darsa. Tukamwamkia, naye akauliza, "Maalim, lile buku la Sheikh liko wapi?" Tukamwuliza, buku gani, mzee wetu? Akasema imamu wa zamani alikuwa na buku, kwa hati ya Kiarabu na lugha ya Kiswahili, lenye majina ya maiti wa mtaa huo na majina ya waliochukuliwa kwenda Kariakoo wasirudi. Babu yake alichukuliwa mwaka 1917. Mzee alipokuwa mdogo alionyeshwa mstari wenye jina hilo, wakati ule hajui kusoma. Sasa alitaka mjukuu wake amsomee jina kamili, na jina la baba wa babu yake, ambalo hakuna tena aliyekuwa hai wa kumwambia.

Tulimwambia kweli. Hakutulaumu. Alisema, "Basi, ni amri ya Mungu," akachukua bakora yake akaondoka. Laiti angetutukana!

Ndugu Waislamu, Mwingereza hakulichoma buku lile. Tulilichoma sisi, watu wenye vyeti vya Kiarabu, tuliosomeshwa elimu ya wapokezi na tuliohifadhi majina ya watu wa Basra na Kufa waliokufa miaka 1,200 iliyopita. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni hivyo hivyo.

Majibu kwa wanaopinga

Tumelisema jambo hili katika vikao kadhaa, nasi tumepata majibu ya aina tatu.

Wapo wanaosema: Mwenyezi Mungu anawajua, inatosha. Hutoa hoja kwa habari ya Sayyidna Umar (R.A.), ambaye baada ya vita vya Nahawand alitajiwa waliokufa shahidi, kisha akaambiwa wapo wengine asiowajua. Umar alilia, akasema kwamba kutojulikana kwao na Umar hakuwadhuru kitu maadamu Allah anawajua. Habari hiyo ni ya kweli na ni faraja kubwa. Lakini Umar huyo huyo ndiye aliyeanzisha diwani, daftari la askari na familia zao, mtu kwa jina na kwa kabila lake. Aliwakabidhi kwa Mola wao wale ambao kalamu haikuweza kuwafikia, na wale ilioweza kuwafikia akawaandika. Sisi tumeyachukua machozi ya Umar tukaiacha kalamu yake.

Wapo wanaosema: makumbusho ni mlango wa kutukuza sanamu na makaburi. Tunaichukua hofu hiyo kwa uzito. Hatumwiti mtu ajenge juu ya kaburi, wala asimamishe sanamu, wala ajaze ngozi ya mnyama. Daftari halitufu mtu wala haliombwi haja. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an inatuamrisha kuandika deni, lau ni dogo au kubwa. Itakuwaje shilingi ya mtu iandikwe na mtu mwenyewe asiandikwe? Imamu Ibn Hajar aliandika katika kitabu chake Al-Isaba habari za watu zaidi ya 12,000 waliotajwa kuwa Sahaba, na hakuna aliyemshutumu kwamba amejenga kaburi la kuabudiwa. Hata mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa katika Surat Al-Kahf, na baadhi ya wafasiri wakafika hadi ya kulitafuta jina lake.

Wapo wanaosema: askari na wapagazi wale waliwatumikia wakoloni, kwa nini tuwaenzi? Jibu lake ni kwamba kuandika na kusifu ni mambo mawili. Imamu Bukhari aliandika kitabu cha wapokezi dhaifu, na Imamu Nasai akaandika chake. Maulamaa waliwaandika wakweli na waongo, ili kila mmoja ajulikane kwa haki yake. Na aliyekamatwa shambani kwake akafungwa kamba na kutwishwa mzigo, huyo alimtumikia nani kwa hiari?

Kwa wote watatu tunamalizia kwa hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alikuwapo mwanamke mweusi akiufagia msikiti wa Mtume (S.A.W.). Alipokufa, Sahaba walilidogosha jambo lake, wakamzika bila kumjulisha Mtume. Mtume alipomkosa alimwulizia, na alipoambiwa amekufa aliwalaumu kwa kutomjulisha, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Mfagiaji aliulizwa yuko wapi na mbora wa viumbe. Sisi hatumwulizi hata imamu aliyetuachia msikiti.

Tufanye nini?

Hatuhitaji mfadhili wala jengo. Kila msikiti unaosomewa makala hii ununue daftari moja gumu la mistari. Wachaguliwe vijana wawili wa madrasa, mmoja anayeisoma vizuri hati ya zamani ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Waende kwa wazee, wanaume na wanawake, na waandike: nani aliutoa wakfu uwanja, nani aliujenga msikiti, nani walisomesha hapo, na wanawake waliosomesha majumbani wasisahaulike. Waandike nani alichukuliwa katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 na hakurudi. Kila jina liandikwe pamoja na jina la baba na la babu, na jina la aliyeisimulia habari hiyo, kama ulivyo mwendo wetu katika isnadi. Nakala ziwe mbili, nazo zikae nyumba mbili. Wala isichomwe karatasi yoyote ya msikiti kabla hajaisoma mwenye kuijua.

Kazi hii haingoji. Wenye majina vifuani wana miaka 80 na 90. Kila Ijumaa tunayoiahirisha kuna jeneza linalotoka na daftari zima ndani yake.

Sisi tumekwisha kuanza. Tulimwendea mzee yule nyumbani kwake, tukamwomba radhi, tukaufungua ukurasa wa kwanza mbele yake. Alitutajia jina la babu yake, nasi tukaliandika kwa wino. Ni amana ya familia yake. Tukaandika "bin", kisha tukamtazama. Alifikiri kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Ukurasa huo upo hivyo hadi leo: jina moja, neno "bin", na mbele yake pameachwa wazi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe tulichokichoma, na atuwafikishe kuhifadhi kilichobaki.

Wabillahi Tawfiiq.